2,147,483,647: namba tasa ya moja thelathini na moja

Wanahisabati na waandishi wa programu wote wanaijua namba 2,147,483,647, lakini ukiwauliza ni ya nini, watakujibu tofauti. Wa kwanza watakuambia ni namba tasa, na kwamba Leonhard Euler ndiye aliyeithibitisha katika karne ya 18. Wa pili watakuambia ni kikomo: ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoingia kwenye biti 32 (nafasi 32 za tarakimu 0 au 1) zinapobeba chanya na hasi, na programu ikiipita hata kwa moja, hesabu zinaharibika. Majibu yote mawili yana mzizi mmoja, na mzizi huo hauonekani mpaka uache kuitazama namba hii kwa tarakimu kumi za kawaida.

Iandike kwa binari, yaani kwa tarakimu 0 na 1 tu. 2³¹ kwa binari ni 1 ikifuatwa na sifuri 31. Iondolee moja, na kama 1,000 inavyobaki 999, sifuri zote zinageuka kuwa 1. Kwa hiyo 2³¹ − 1 = 2,147,483,647 ni moja 31 zilizopangwa mfululizo, bila sifuri hata moja kati yake. Kwa msingi wa 8 inakuwa 17777777777, na kwa msingi wa 16 inakuwa 7FFFFFFF. Ukiona 7FFFFFFF kwenye ripoti ya programu iliyoanguka, umeshaijua ni nani.

Kuwa na moja tupu kunaleta faida ambayo itatumika katika makala hii yote. Shuleni tulifundishwa kwamba ukitaka baki la namba ikigawanywa kwa 9, jumlisha tarakimu zake, kwa sababu 10 inaizidi 9 kwa moja. Hapa 2³¹ inaizidi namba yetu kwa moja, kwa hiyo njia ni ileile, ila badala ya tarakimu tunakata vipande vya biti 31. Namba yoyote isiyozidi biti 62 iandike kama a × 2³¹ + b. Baki lake ni a + b, na jumla ikifika au kuzidi 2,147,483,647 unaondoa 2,147,483,647 mara moja. Hakuna kugawanya popote, ni kusogeza biti na kujumlisha tu. Kuzidisha kwa 2 ni rahisi zaidi: biti ya mwisho kushoto inahamia mwisho kulia, nyingine zote zinasogea nafasi moja. Ukifanya hivyo mara 31 umerudi ulipoanza.

Sasa utasa wake. Namba za aina ya 2ⁿ − 1 zina sharti la kwanza: kipeo n chenyewe lazima kiwe namba tasa. Kipeo kikiwa zao la a na b, basi 2ᵃ − 1 inaigawanya namba nzima. Ndiyo maana kikomo cha biti 16, ambacho ni 2¹⁵ − 1 = 32,767, si namba tasa: ni 7 × 31 × 151. Kikomo cha biti 64, yaani 2⁶³ − 1 = 9,223,372,036,854,775,807, nacho ni 7² × 73 × 127 × 337 × 92,737 × 649,657. Kwa biti 8 kikomo ni 127, na hiyo ni tasa kwa kuwa 7 ni tasa na mambo yamekubali. Nasema yamekubali kwa sababu kipeo tasa peke yake hakitoshi. 2¹¹ − 1 = 2,047 ni 23 × 89. 2²³ − 1 ni 47 × 178,481. Jirani wa karibu kabisa, 2²⁹ − 1 = 536,870,911, ni 233 × 1,103 × 2,089. Kwa hiyo kikomo cha biti 32 kuwa tasa hakukupangwa na mtu yeyote aliyebuni kompyuta. Walihitaji biti moja ya alama na 31 za kuhesabia, na 31 ikatokea kuwa kipeo kizuri.

Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa, aliiweka 31 kwenye orodha yake ya mwaka 1644 ya vipeo vinavyotoa namba tasa. Orodha yake ilikuwa na makosa: aliingiza 67 na 257 ambavyo havifai, akaziacha 61, 89 na 107. Kwa 31 alikuwa sahihi, lakini hakuacha uthibitisho.

Njia ya Euler

Uthibitisho ulikuja kwenye barua ya Euler kwa mwanahisabati mwenzake Bernoulli mwaka 1772, wakati Euler alikuwa karibu kupofuka kabisa. Ninaipenda kazi hii kuliko nyingi za aina yake kwa sababu haina nguvu za ajabu ndani yake. Inaondoa kazi isiyo ya lazima kwanza, kisha inafanya iliyobaki.

Ukitaka kujua kama namba ni tasa kwa kugawanya, unajaribu namba tasa zote hadi kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha 2,147,483,647 ni kama 46,340.95, maana 46,340² ni 2,147,395,600 na 46,341² ni 2,147,488,281, ambayo imeshapita. Chini ya hapo kuna namba tasa karibu 4,800. Kugawanya namba ya tarakimu kumi mara 4,800 kwa mkono kunawezekana, lakini kosa moja katikati linabatilisha kila kitu na huna njia ya kulijua.

Euler aliuliza: kama kuna namba tasa q inayoigawanya 2³¹ − 1, lazima iwe ya namna gani? Kwanza, 2³¹ ikigawanywa kwa q inaacha baki 1. Lakini kwa kanuni ya Fermat, 2 kwa kipeo cha q − 1 nayo inaacha baki 1. Vipeo vya 2 vinavyoacha baki 1 vyote ni vigawe vya kipeo kidogo kuliko vyote kinachofanya hivyo. Na kwa kuwa 31 ni tasa, kipeo hicho kidogo ni 31 chenyewe. Basi 31 inaigawanya q − 1. Na q ni witiri, kwa hiyo q − 1 ni shufwa, na tunapata q = 62k + 1.

Pili, ikiwa 2³¹ inaacha baki 1, basi 2³² inaacha baki 2. Lakini 2³² ni 2¹⁶ ikizidishwa kwa yenyewe. Kwa hiyo katika hesabu za mabaki ya q, namba 2 ina kipeuo cha pili. Hilo hutokea tu kwa namba tasa zinazoacha baki 1 au 7 zikigawanywa kwa 8. Unganisha masharti mawili na utapata kwamba q lazima iwe 248m + 1 au 248m + 63. Hakuna umbo lingine.

Hesabu zilizobaki: umbo la 248m + 1 linatoa namba 186 chini ya 46,341, na umbo la 248m + 63 linatoa 187 ukianzia na 63 yenyewe. Hiyo 63 haihitaji kujaribiwa kwa kuwa ni 9 × 7. Zinabaki 372. Nyingi kati ya hizo nazo si tasa: 249 ni 3 × 83, 497 ni 7 × 71, 559 ni 13 × 43. Ukizichuja hizo, kazi inashuka hadi migawanyo isiyozidi mia moja. Kutoka 4,800 hadi hapo, kwa kufikiri tu kabla ya kugawanya.

Ukitaka kuifanya mwenyewe, usigawanye namba nzima. Anza na 2 na uipandishe kipeo cha pili mara tano, ukichukua baki kila hatua: 2, 4, 16, 256, 2¹⁶, 2³². Mwisho ukipata 2, umepata kigawo. Ukipata namba nyingine yoyote, songa mbele. Mtahiniwa wa kwanza wa kweli ni 311. Hapo 256 ni sawa na −55. Kipeo cha pili cha 55 ni 3,025, baki lake ni 226, yaani −85. Kipeo cha pili cha 85 ni 7,225, na baki ni 72. Si 2, kwa hiyo 311 haiigawanyi. Anayefuata ni 1,303: 65,536 inaacha baki 386, na 386² = 148,996 inaacha 454. Naye anatoka. Baada yake 1,489, na kuendelea hadi mwisho.

Makosa mawili yanajirudia kwa wanaojaribu njia hii. La kwanza ni kusahau umbo la 63 na kujaribu 248m + 1 peke yake, jambo linaloacha nusu ya watahiniwa bila kuguswa. La pili ni kusimama mapema kwa kudhani kwamba vigawo, kama vipo, huonekana mwanzoni. Kwa 2²⁹ − 1 kweli vinaonekana mapema: umbo lake ni 58k + 1, na 233 inapatikana k ikiwa 4. Lakini hakuna kanuni inayokuambia lini uache kabla ya kipeuo cha pili.

Leo tuna njia fupi zaidi, iliyoanzishwa na Édouard Lucas na kukamilishwa na Derrick Henry Lehmer miaka ya 1930. Anza na 4. Kila hatua, pandisha kipeo cha pili, ondoa 2, chukua baki kwa namba unayoichunguza. Kwa kipeo p unarudia mara p − 2. Mwisho ukiwa sifuri, namba ni tasa, na usipokuwa sifuri, si tasa. Kwa 31 ni hatua 29. Mwanzo wake ni huu:

4; 14; 194; 37,634; 1,416,317,954; 669,670,838; ...

Hatua ya tano inaonyesha ile njia ya kukata vipande. 1,416,317,954 kwa kipeo cha pili, ukiondoa 2, ni 2,005,956,546,822,746,114. Igawe kwa vipande vya biti 31: a = 934,096,307 na b = 1,883,058,178. Jumla ni 2,817,154,485. Ondoa 2,147,483,647, unabaki na 669,670,838. Tahadhari kwa anayeandika programu: mazao ya namna hiyo yanahitaji hadi biti 62, kwa hiyo tumia aina ya namba ya biti 64 kabla ya kuzidisha, si baada. Ukizidisha kwenye biti 32 kisha ukahamisha jibu kwenda 64, tarakimu zimeshapotea na jaribio litakuambia namba si tasa.

Kuna ukaguzi mzuri wa kujua kama programu yako iko sawa. Hatua moja kabla ya sifuri, namba lazima iwe ile ambayo kipeo chake cha pili kinaacha baki 2. Namba za namna hiyo ni mbili tu: 65,536, kwa kuwa kipeo chake cha pili ni 2³², na 2,147,418,111 ambayo ni upande wake hasi. Ukiona kitu kingine hapo kisha sifuri, tafuta kosa.

Kwa mujibu wa Eukleidi, kila namba tasa ya aina hii inazaa namba kamilifu, yaani namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe, kama 6 = 1 + 2 + 3. Zidisha 2³⁰ kwa 2³¹ − 1 na unapata 2,305,843,008,139,952,128, namba kamilifu ya nane. Ina vigawo 62: vipeo 31 vya 2 kuanzia 1 hadi 2³⁰, na hivyohivyo vikizidishwa kwa namba yetu. Jumla ya vipeo vya 2 ni 2³¹ − 1, ukiizidisha kwa moja zaidi ya 2³¹ − 1, yaani 2³¹, unapata mara mbili ya namba nzima, kama inavyotakiwa. Mwaka 1811 Peter Barlow wa Uingereza aliandika kwamba hiyo ndiyo itabaki kuwa namba kamilifu kubwa kuliko zote zitakazogunduliwa, kwa sababu hazina matumizi na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Mwaka 1876 Lucas alithibitisha 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, na mwaka 2024 ilitangazwa 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1 yenye tarakimu zaidi ya milioni 41. Watu hutafuta.

Kwa wanaopenda kujua mahali pake kwenye foleni: 2,147,483,647 ni namba tasa ya 105,097,565. Iliyo kabla yake ni 2,147,483,629 na inayofuata ni 2,147,483,659. Majirani wake wa moja kwa moja wanapingana vizuri. Kulia kuna 2³¹, ambayo haina kigawo tasa zaidi ya 2. Kushoto kuna 2,147,483,646, ambayo ina saba: ni 2 × (2¹⁵ − 1) × (2¹⁵ + 1), yaani 2 × 32,767 × 32,769, na ukivunja hadi mwisho ni 2 × 3² × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Huyu jirani wa kushoto atakuwa na kazi baadaye.

Kikomo cha biti 32

Kompyuta nyingi huhifadhi namba nzima ya kawaida kwa biti 32. Biti ya kwanza kushoto ikiwa 1, namba inahesabiwa hasi. Namba kubwa kuliko zote ni sifuri moja ikifuatwa na moja 31. Ongeza 1 na mbebano unatembea kutoka kulia hadi kushoto: moja zote zinakuwa sifuri na biti ya alama inakuwa 1. Namba iliyokuwa kubwa kuliko zote inageuka kuwa −2,147,483,648, ndogo kuliko zote. Upande wa hasi una namba moja zaidi kwa sababu sifuri inakaa upande wa chanya. Ndiyo maana ukiitafuta thamani chanya ya −2,147,483,648 katika lugha ya programu ya Java, unarudishiwa −2,147,483,648 ileile: hakuna pa kuiweka.

Katika Java mgeuko huo umeandikwa kwenye kanuni za lugha, kwa hiyo unaweza kuutabiri. Katika lugha ya C ni hatari zaidi. Kanuni za C hazisemi kitakachotokea namba yenye alama ikifurika, na kikusanyi (programu inayogeuza ulichoandika kuwa amri za mashine) kina haki ya kudhani kwamba haitokei kamwe. Ukiandika sharti la kuuliza kama x + 1 ni ndogo kuliko x ili kugundua kufurika, kikusanyi kinaweza kulifuta sharti hilo lote. Uliza kabla ya kujumlisha: je, x ni sawa na 2,147,483,647? Hapo hakuna ubishi.

Makosa ya kufurika mara nyingi hayatokani na namba kubwa iliyoandikwa waziwazi, bali na hesabu ya katikati. Mfano maarufu ni kutafuta katikati ya mwanzo na mwisho kwa (mwanzo + mwisho) / 2. Kila moja inaingia kwenye biti 32, jibu linaingia, lakini jumla haiingii. Kosa hilo lilikaa kwenye maktaba ya Java kwa miaka kabla ya kufichuliwa mwaka 2006. Dawa yake ni mwanzo + (mwisho − mwanzo) / 2. Inafaa pia kuikariri mipaka michache: 46,340 ndiyo namba kubwa ambayo kipeo chake cha pili kinaingia, 1,290 kwa kipeo cha tatu, na 12! ndiyo faktoria ya mwisho kuingia, kwa kuwa 13! ni 6,227,020,800. Kwenye mfuatano wa Fibonacci ya mwisho ni ya 46, yaani 1,836,311,903.

Kikomo hiki kina tarehe yake. Mifumo ya uendeshaji ya aina ya Unix huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za kimataifa (UTC). Sekunde 2,147,483,647 ni siku 24,855 na sekunde 11,647, yaani saa tatu, dakika 14 na sekunde 7. Unaangukia tarehe 19 Januari 2038, 03:14:07 UTC. Mfumo unaohesabu kwa biti 32 zenye alama, sekunde inayofuata utaonyesha tarehe 13 Desemba 1901. Linux toleo la 5.6 la mwaka 2020 ndilo la kwanza kuziwezesha mashine za biti 32 kuvuka tarehe hiyo, lakini programu zilizokusanywa zamani na mafaili yaliyohifadhi muda kwa baiti nne hayajirekebishi yenyewe. Katika mfumo wa hifadhidata wa MySQL, safu ya aina ya TIMESTAMP inaishia hapohapo, DATETIME inaendelea. Wala usingoje 2038 ili kupata tatizo: mkopo au mkataba wa miaka 20 unaoandikwa leo tayari unavuka.

Ukihesabu kwa milisekunde badala ya sekunde, kikomo kinafika baada ya siku 24, saa 20, dakika 31 na sekunde 23.647. Kwenye lugha ya JavaScript, amri ya kungojesha, setTimeout, ikipewa milisekunde zaidi ya 2,147,483,647 haingoji; inatekeleza papo hapo. Ukihesabu kwa sehemu ya mia ya sekunde, unapata siku 248 na nusu. Mwaka 2015 FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ilitoa agizo kuhusu ndege za Boeing 787 kwa sababu vidhibiti vya jenereta vikiwashwa mfululizo siku 248, kihesabio cha ndani hufurika na umeme unaweza kukatika. Ukikutana na mashine inayogoma kila baada ya siku 24.8 au 248, usianze kutafuta nyaya. Hesabu biti kwanza.

Kwenye hifadhidata za MySQL kuna alama mbili za kukitambua kikomo hiki. Ya kwanza ni safu ya kitambulisho ya aina ya INT (namba nzima ya biti 32) inayojiongeza yenyewe: ikifika 2,147,483,647, safumlalo inayofuata inakataliwa kwa madai kwamba namba hiyo tayari ipo. Kutumia UNSIGNED, yaani bila namba hasi, kunakufikisha 4,294,967,295 tu. BIGINT, ya biti 64, ndiyo suluhisho, na lazima ubadilishe pia safu za majedwali mengine zinazorejelea kitambulisho hicho, la sivyo tatizo linahamia huko. Fanya mapema, kwa sababu kubadilisha aina ya safu kwenye jedwali la mabilioni ya safumlalo kunachukua muda mrefu. Alama ya pili ni safu ya namba za simu ambamo watu wengi wana namba moja, 2147483647. Aliyebuni jedwali alichagua INT, na MySQL ikiwa haiko katika hali kali ya ukaguzi huibana kila namba iliyozidi hadi kwenye kikomo na kutoa onyo tu. Hali kali huwa imewashwa tangu toleo la 5.7, lakini usanidi wa zamani huhamishwa pamoja na data. Namba za asili zimepotea, hazirudishwi kwa hesabu yoyote. Namba ya simu ihifadhi kama maandishi. Haijumlishwi wala haizidishwi.

Pale ambapo kuwa tasa na kuwa kikomo kunakutana ni kwenye namba nasibu. Mwaka 1988 Stephen Park na Keith Miller walipendekeza kizalishi kimoja kiwe kiwango cha chini kabisa cha kukubalika: chukua x, zidisha kwa 16,807, chukua baki kwa 2,147,483,647. Ukianza na mbegu (x ya kwanza) 1 unapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073, na baada ya hatua 10,000 lazima upate 1,043,618,065. Kizalishi chako kikikosa namba hiyo ya mwisho, kimekosewa, hata kama matokeo yanaonekana ya nasibu.

Kwa nini 16,807? Kwa kuwa 2,147,483,647 ni tasa, kuna vizidishi vinavyopita kila namba kutoka 1 hadi 2,147,483,646 kabla ya kurudia, na kidogo kuliko vyote ni 7. Kuhakikisha, pandisha 7 kwa kipeo cha 2,147,483,646 ikigawanywa kwa kila kimoja cha vile vigawo saba vya jirani wa kushoto. Isipopatikana 1 hata mara moja, mzunguko ni kamili. Halafu 7⁵ = 16,807 nayo inapita zote, kwa sababu 5 haimo kati ya vigawo hivyo. Ungechagua 7³ = 343, kwa kuwa 3 imo, mzunguko ungekatika baada ya 715,827,882, theluthi moja ya njia. Na 2, ambayo ni rahisi kuliko zote, inarudia baada ya 31 tu.

Zao la 16,807 na x halitoshi kwenye biti 32. Linus Schrage alionyesha njia ya kulikwepa: 2,147,483,647 = 16,807 × 127,773 + 2,836. Gawanya x kwa 127,773, zidisha baki kwa 16,807, toa jibu la kugawanya lililozidishwa kwa 2,836, na ukipata hasi ongeza 2,147,483,647. Hakuna hatua inayofurika. Mbegu isiwe sifuri, maana sifuri inabaki sifuri milele, na mbegu ndogo hutoa namba ya kwanza ndogo, kwa hiyo tupa chache za mwanzo. Usikitumie kwa siri au nywila: anayeona namba moja anajua zote zinazofuata.

Imebaki ngazi moja ya juu. 31 yenyewe ni 2⁵ − 1, kwa hiyo namba yetu ni namba tasa ya Mersenne (tasa ya aina ya 2ⁿ − 1) ambayo kipeo chake nacho ni namba tasa ya Mersenne. Zinazojulikana za namna hiyo ni nne tu: 7, 127, 2,147,483,647 na 2¹²⁷ − 1. Je, ukipanda tena na kuitumia 2,147,483,647 kama kipeo? Namba hiyo ina tarakimu 646,456,993 na si tasa. Inagawanyika kwa 295,257,526,626,031, ambayo ni 137,490 × 2,147,483,647 + 1, umbo lilelile alilolitumia Euler. Na jaribio ni lilelile la 311: anza na 2, pandisha kipeo cha pili mara 31 badala ya tano, ukichukua baki kila mara. Mabaki hapa yana hadi biti 49 na mazao yake hadi biti 98, kwa hiyo tumia lugha isiyo na kikomo cha namba nzima. Katika Python ni mstari mmoja, pow(2, 2**31, 295257526626031), na jibu ni 2.